Cheti cha Yordani kimeniondoa kwenye Meza ya Bwana

Salamu Admin, na ninyi nyote mnaosoma hapa. Jina langu lifiche, na la usharika wetu pia, maana Buhongwa si kubwa kama inavyojidai. Mimi ni kijana wa kiume, miaka 25, nasomea ualimu wa dini katika chuo kimoja hapa Mwanza. Wazazi wangu ni Walutheri waliohamia huku kutoka Kagera. Baba ni mzee wa kanisa, na uzee huo hauvui hata akiwa anamenya ndizi.

Mwaka huu kikundi chetu cha wanafunzi kilikwenda kujifunza katika nchi ya Biblia, safari iliyokuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya vita. Tulikuwa kumi na wanne, madhehebu mchanganyiko, tukiongozwa na mwalimu wetu ambaye ni mchungaji wa kanisa la kiroho, la kubatiza kwa maji mengi. Tulipofika Ziwa Galilaya, dada mmoja wa Nansio, aliyekulia kisiwani kwenye ziwa letu la Mwanza, alilitazama mpaka ng'ambo, akauliza, "Mwalimu, ndilo hili lote?" Akajibiwa ndilo. "Na mitume wakaogopa dhoruba humu humu?" Tulicheka mpaka mwenyeji aliyekuwa akitutembeza akanuna.

Kicheko kiliishia Yordani. Pale mtoni wanakodisha kanzu nyeupe, na mwalimu alituambia tunakwenda kukumbuka ubatizo wetu. Kukumbuka mimi sikatai. Nilidhani tutalowanisha miguu, tupige picha, turudi kwenye basi. Kumbe tunapangwa mstari. Zamu yangu ilipofika akanishika kisogo, akauliza kama naamini. Nikasema naamini, ningesemaje, na kanzu nimeshavaa? Akataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, akanizamisha mzima. Ninyi wa maji mengi mmezoea. Sisi tulionyunyiziwa utotoni tunakohoa. Jioni tukagawiwa vyeti vya Kiingereza vya kubatizwa Yordani, vyenye picha ya njiwa.

Mama yangu Kiingereza hasomi, lakini anaamini mtu akisafiri akarudi na cheti basi amefaulu. Alikinunulia fremu ya kioo, akakitundika sebuleni pembeni ya cheti changu cha kidato cha nne. Nilikiona na nikanyamaza. Hapo kosa ni langu, silikatai. Niliona maelezo ni marefu, na nikajidanganya kwamba wageni hawasomi ukuta.

Ibada ya jumuiya ilipofika zamu ya nyumba yetu, mwinjilisti alikaa kiti kinachotazama ukuta huo. Wimbo wa pili ukiendelea nikamwona anavaa miwani. Baada ya sala akamgeukia mama. "Mama, hongera kwa kijana. Hivi amebatizwa mara ngapi?"

Mama akacheka. "Mwinjilisti naye! Mtu anabatizwa mara ngapi?"

"Ndiyo maana nauliza. Huu ukuta wako unasema mara mbili."

Wageni walipoondoka baba alikishusha kile cheti, akakisoma kwa mara ya kwanza, mstari kwa mstari, halafu akaniambia taratibu, "Ulipobatizwa ulikuwa na miezi minne. Ulilia sana. Kumbe ulikuwa unakataa?" Nilisema, "Hapana, baba." Akasema, "Basi haya ni nini?"

Kwetu aliyebatizwa mara ya pili anatengwa na Meza ya Bwana. Ili arudishwe kundini anasimama mbele ya usharika na kukiri kwamba ule ubatizo wa pili ulikuwa si kitu. Barua ya usharika ya kunipeleka kusomea uchungaji, niliyoisubiri tangu nimalize sekondari, imesimama mpaka nikiri. Na mzee wa kanisa ambaye mwanawe ametengwa na hataki kurudi, naye huachia uzee akakaa pembeni. Baba hajalisema hilo. Mwinjilisti ndiye aliyenisaidia kulifahamu.

Mtasema, si ukiri tu? Tatizo ni kwamba kule majini nililia. Nimelelewa kanisani, sala nazijua kama namba yangu ya simu, na kwa muda mrefu nilikuwa nazisema hivyo hivyo, kama namba. Siku ile, nikiwa nimefumba macho na maji yameniingia puani, niliomba kitu ambacho sikuwahi kukariri. Sisemi ubatizo wa utotoni haukutosha. Sisemi mwalimu alikuwa sahihi. Nilipompigia simu aliniambia, "Simama imara, mtumishi," kisha akakata, maana yeye anapokea Meza kwake kila mwezi. Ninachosema ni kwamba kitu kilitokea, na sasa natakiwa kutangaza kwenye kipaza sauti kwamba hakikutokea.

Mama ananifuata chumbani: "Mwanangu, sema tu, Mungu anajua moyo. Unataka baba yako akakae kiti cha nyuma?" Nikaona afadhali niseme. Nikamfuata baba akipiga pasi, nikamwambia niko tayari. Akauliza, "Unasema kwa sababu unaamini, au kwa sababu yangu?" Nikamshikia mkono wa koti. Akasema, "Kwa sababu yangu usiseme. Uongo wa nyumba hii usipande madhabahuni." Akaendelea kupiga pasi suti yake ya ibada.

Jumapili hii ndiyo niliyopangiwa. Wa kunisomea mbele ya watu swali la kama naukana ubatizo wa pili ni baba mwenyewe, maana ni zamu yake. Nikikiri, atajua nimemdanganya mbele ya Mungu wake. Nikikataa, atakaa pembeni kwa ajili yangu, na barua yangu itabaki kabatini. Nisipokwenda, atalisoma jina langu na hakuna atakayesimama.

Kejeli za maji mengi na maji machache naombeni mziache, nimezisikia zote. Wenye watoto wa umri wangu ndio nawauliza: angekuwa wenu, mkimsomea lile swali, mngetaka awajibu nini?