Kisanduku cha Tangi la Shangazi

Kazini walimwita Chokochoko, maana akiona hitilafu haiachi ilale. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuielezea majirani. Mumewe akiulizwa hujibu tu, "Anafundisha visanduku adabu," wala hakuwa mbali na ukweli. Visanduku hivyo vya plastiki, vya kuenea kiganjani, vilifungwa kwenye pampu, majokofu makubwa na matangi ya maziwa. Ndani ya kila kimoja ziliishi programu kadhaa, kila moja kwenye kontena lake, kama wapangaji katika nyumba ya vyumba: huyu anapima joto, yule anawasha mtambo wa ubaridi, mwingine anatuma ujumbe kwenye simu. Programu aliyoitunza Chokochoko ndiyo iliyokuwa mwenye nyumba. Iliwaingiza wapangaji, ikawatoa, ikawaamua wakigombea nafasi. Aliipenda programu ile, nami simlaumu. Kuna watu wanapenda paka.

Balaa lilianzia kwa shangazi yake, aliyekusanya maziwa ya wafugaji na kuyapoza kabla lori halijaja. Ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza kukubali kisanduku, kwa kumpenda binti wa kaka yake tu. Sasa kisanduku kilikuwa kikizirai kila kilipotumiwa toleo jipya la programu. Kikizirai, mtambo unanyamaza na maziwa yanachacha.

"Mwanangu, wewe nakupenda," shangazi alisema kwenye simu, "ila uvumilivu umenishinda. Kesho fundi umeme anakuja kuking'oa."

"Shangazi, nipe siku moja tu."

"Si ndiyo hiyo nimekupa? Nimesema kesho."

Chokochoko aliona aibu mpaka masikioni. Damu yako mwenyewe ikikitupa kisanduku chako, nani wa nje atakifunga kwake?

Kwenye meza ya pili alikaa mwenzake waliyemwita Mbona Kwangu Sawa, kwa kuwa ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila lalamiko. Alikipelekea kisanduku cha majaribio cha pale ofisini toleo lilelile, akangoja, akazungusha kiti. "Mbona kwangu sawa," akasema. Na kweli lilikuwa sawa.

Chokochoko akampigia tena shangazi. "Hebu niambie, toleo jipya likianza kuingia, wewe unafanya nini?"

"Taa inapepesa kama ina wazimu. Nazima umeme kipumzike, halafu nawasha. Kwani televisheni hamfanyi hivyo?"

Mbona Kwangu Sawa akapiga meza kofi. "Kesi imekwisha. Mwambie asizime."

"Atazima. Mimi namjua. Na asipozima yeye, umeme utakatika wenyewe."

Chokochoko akainama chini ya meza. Plagi ya kisanduku chao cha majaribio ilikuwa imebandikwa selotepu tabaka kwa tabaka, ili mfagizi asije akaichomoa. Walikuwa wameibandika wenyewe, kwa uangalifu mkubwa, na miaka yote wakajisifu kwamba kisanduku hakizimiki. Wote wawili wakatazama ile selotepu, kisha wakatazamana, wakacheka mpaka bosi akachungulia mlangoni.

Chokochoko akaibandua. Akatuma toleo jipya, akachomoa katikati, akachomeka. Kisanduku kikazirai palepale.

"Kimekufa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha tupu.

Kosa halikujificha tena. Nafasi ndani ya kisanduku ni finyu, basi mwenye nyumba alikuwa akimfukuza mpangaji wa zamani kabla mpya hajaingiza hata godoro. Umeme ukikatika hapo, nyumba inabaki tupu. Wahenga walishasema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani aliisomea programu ile methali hiyo? Chokochoko akapanga upya: takataka zitolewe kwanza kupata nafasi, mgeni aingie, aitike kwamba yuko kazini, ndipo yule wa zamani aage. Mchana kutwa wakachomoa na kuchomeka, na aliyeufurahia mchezo zaidi ni Mbona Kwangu Sawa. Kisanduku kikaamka kila mara.

Asubuhi Chokochoko alimkuta fundi umeme ameshafika kwa shangazi, bisibisi mkononi. Akaunganisha kompyuta yake na kisanduku, akamwingiza mwenye nyumba mpya, kisha akatuma toleo la kupima joto. Taa ikaanza kupepesa. Mkono wa shangazi ukaenda kwenye swichi. Chokochoko alitamani kuudaka. Akafunga mikono nyuma. Shangazi akazima.

Tangi likawa kimya. Shangazi akasubiri kwa raha zake, akawasha. Taa ikapepesa, ikatulia, na mtambo ukaanza kunguruma. Simu ya shangazi ikalia mfukoni: joto la maziwa ni salama. Akausoma ujumbe, kisha akalipapasa tangi kwa kiganja, maana simu nayo hakuiamini sana.

"Niking'oe, mama?" fundi akauliza.

"Ung'oe nini? Huoni binti yangu yuko kazini? Kapime ukuta wa tangi la pili. Nataka kingine."

Chokochoko akatoka nje, akaegemea madebe ya maziwa, akacheka peke yake huku machozi yakimtoka.