Mlinzi wa Mtaro wa Theluji

Isokichi alikuwa mkorofi. Nasema hivyo mimi niliyemlilia mpaka macho yakavimba, kwa hiyo asije mtu akanifundisha adabu ya kumsema marehemu. Miaka thelathini na sita alilinda mtaro wa theluji wa mtaa wetu, na miaka yote hiyo tuligombana.

Mtaro wenyewe unashuka katikati ya mtaa, na maji yake yanatoka mtoni kupitia lango la mbao pale juu kilimani. Wakati wa baridi unatupa humo theluji ya mlangoni kwako, maji yanaichukua. Lakini kwa zamu. Nyumba za juu hutupa kwanza, halafu za kati, halafu za chini, maana wote wakitupa pamoja mtaro unaziba na maji yanaingia kwa watu wa chini. Kila asubuhi Isokichi alisimama langoni na vibao vyake viwili vya mti mgumu, akavigonga, ka! ka!, zamu ya juu, ka! ka!, zamu ya kati. Ukitupa nje ya zamu alikuona. Kutoka pale langoni mtaa wote uko chini ya macho, mpaka kwenye wavu wa chuma ulio mwisho wa mtaro.

"Kinuyo! Hilo bonge la barafu livunje kwanza!"

"Njoo ulivunje wewe, kaka, mwenye meno ya chuma!"

"Nikija huko nitakuvunja wewe!"

Ndivyo tulivyoamkiana. Mimi nauza achari, duka langu liko katikati ya mtaa, na mdomo wangu haukuumbiwa mlango.

Mkewe Sueno alikuwa mtu mwingine kabisa, mpole, mwenye kicheko cha karibu. Nilipoolewa mtaa huu sijui hata kushika kisu, yeye ndiye aliyenifundisha kutia figili chumvi. Duka langu lote ni mikono yake. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia, akawa wa kulala tu, godoro lake juu ya mikeka ya chumba cha mbele, kwa sababu alikataa kuwekwa ghorofani. Alitaka kuona wapita njia. Isokichi akawa anampikia, anamwogesha, anamchana nywele.

"Leo amenichana kama jogoo," Sueno aliniambia siku moja kwa mdomo uliopinda, na tukacheka mpaka machozi.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabisa chini, kando ya wavu. Maji yakifurika, kwao ndiko yanakoingia kwanza. Sisi tulimwita Waziri wa Mtaro na kumkejeli kwa ukali wake, kumbe mwenzetu alikuwa analinda godoro lile.

Kwetu baridi ina mwisho wake. Ni siku ya kuzuru makaburi mwezi wa tatu, usiku na mchana vinapolingana. Tunatengeneza matonge ya wali wa kunata yaliyopakwa maharage matamu, tunawapelekea waliotangulia, na tukirudi tunabandua mbao za kukinga madirisha. Vibao vya mtaro vinarudishwa hekaluni, na lango linafunguliwa wazi ili maji yateremke kwenye vitalu vya mpunga. Babu zetu walifanya hivyo na sisi tunafanya hivyo.

Miaka sita iliyopita Isokichi alisimama kwenye kikao cha mtaa.

"Vibao vingekaa kwangu mpaka mwisho wa mwezi wa nne," alisema. "Mlima bado mweupe mno. Na goti linaniuma, kama linavyouma kila theluji ikija."

"Kaka, unataka kutugongea mpaka panzi wa kiangazi waje?" nikasema mimi.

Kikao kizima kikaangua kicheko. Hatsuji kinyozi akaongeza kwamba goti la mzee lisigeuzwe mwenyekiti. Isokichi akaketi, na kesho yake akavipeleka vibao hekaluni kama desturi inavyotaka.

Tarehe tisa ya mwezi wa nne, miti ikiwa imeshavimba machipukizi, theluji ilianza jioni. Tukalala tukijua itayeyuka. Kulipokucha ilikuwa inafika mapajani, theluji ya majimaji, nzito kama unga uliokandwa, na juu yake mvua ya barafu ikaanza kunyesha. Mapaa yakaanza kulia. Kibanda changu cha mapipa, chenye achari ya mwaka mzima, nguzo yake moja ilikuwa imepinda. Nikajifunga kilemba changu chekundu, nikachukua koleo, nikapanda ngazi, nikaanza kuitupa theluji mtaroni. Zamu ya nani? Hakuna zamu, vibao viko hekaluni! Mimi ndiye niliyeanza. Hatsuji akaniona, naye akaanza. Haikupita nusu saa, mtaa mzima ulikuwa unatupa.

Isokichi akaja mbio kutoka chini, kichwa wazi.

"Acheni! Wavu umeziba! Acheni, jamani!"

"Mzee, msimu wako umekwisha!" Hatsuji akamjibu kutoka juu ya paa lake.

Alipofika kwangu nilishuka, nikijua anakuja kunitukana. Hakunitukana. Alinishika mkono.

"Kinuyo, maji yako kizingitini kwangu. Nisipofunga lango nyumba zote za chini zinakwenda. Mtoe Sueno, mpandishe ghorofani. Wewe una nguvu."

"Sasa hivi, kaka. Wewe nenda."

Akapanda kilima akichechemea. Mimi nikaitazama ile nguzo. Nikajiambia makoleo machache tu, upande huu mmoja, kibanda kisije kikaanguka nikiwa huko. Ngoja ngoja huumiza matumbo, methali hiyo naijua tangu utoto, nawasomea watu kila siku. Nikarudi juu. Nikatupa, nikatupa tena. Sijui ilikuwa robo saa au zaidi, na sitaki kujua. Kibanda hakikuanguka. Ndipo nikakimbia.

Mlangoni kwao maji yalinifika mapajani, yamejaa vipande vya barafu. Ndani yalikuwa yameipanda mikeka, na godoro linaelea. Sueno alikuwa amejikokota kwa mkono wake mmoja mzima mpaka kwenye ngazi, ameegemeza kichwa kwenye kipandio cha kwanza, mwili uliobaki umo majini. Midomo imekuwa ya zambarau.

"Kinuyo, umekuja," alisema.

Nilimbeba mgongoni. Nilimvua nguo, nikamfunika mablanketi yote, nikajilaza naye nimemkumbatia, na bado meno yake yaligongana. Huko nje maji yakaanza kupungua, maana lango lilikuwa limefungwa. Nyumba nyingine zote za chini zilipona. Siku ya tatu mapafu yakamshinda Sueno, akafa.

Msibani Isokichi alisimama mbele ya watu. "Kinuyo aliingia kwenye maji yale kwa ajili ya mke wangu," alisema. "Namshukuru." Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Na mimi nikainama. Mimi mwenye mdomo usio na mlango, nikanyamaza kimya. Mungu anione.

Tangu hapo, kila siku ya kuzuru makaburi, alinibishia hodi na sahani ya matonge aliyoyatengeneza mwenyewe, makubwa kama ngumi na sukari kupita kiasi. Miaka minne niliyapokea na kusema asante.

Mwaka wa tano, yaani mwaka jana, nilishindwa. Alipoweka sahani nikamshika mkono wa koti.

"Kaka, siku ile sikwenda pale pale. Nilibaki natoa theluji kwenye kibanda changu."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Si nilikuwa langoni, Kinuyo? Kilemba chekundu. Nilishusha ubao wa kwanza wa lango, nikatazama, kiko juu ya paa. Nikashusha wa pili, bado kiko. Wa tatu, bado."

Nikakaa chini pale pale dukani. "Mbona hukuniita?"

"Nilikuita. Mvua ile, nani angesikia? Na ningeshuka mwenyewe, lango lingebaki wazi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilichagua lango. Hilo ni langu, nalibeba mimi."

Nililia. Nikamwuliza basi matonge haya ni ya nini, kuniletea kila mwaka, na kuniinamia mbele za watu.

"Sueno ndiye aliyetaka. Nilimwambia nilichokiona. Akasema, usimwulize Kinuyo kitu, alikuja, mshukuru, na mpelekee matonge maana yeye hajui kuyapika." Akaisukuma sahani kuelekea kwangu. "Yeye alikusamehe. Mimi bado. Kula."

Nilikula mbele yake, yote. Hatukulizungumza tena. Msimu wa baridi ulipoingia alinifokea kuhusu mabonge ya barafu kama kawaida, na mwezi wa kwanza akafa, bila kuniambia kama ile "bado" iliwahi kwisha.

Vibao nilivichukua mimi, hakuna aliyevitaka. Asubuhi ya kwanza nilipopanda langoni nilitazama chini kwenye kibanda changu. Siku zote nilidhani ni mbali. Si mbali. Niliona koleo nililoliacha mlangoni, na kamba ya kuanikia nguo, na paka wa Hatsuji akijilamba juu ya paa.

Wiki iliyopita tulitoka makaburini, tukakaa kikao. Wakaniambia vibao virudi hekaluni. Nikasema havirudi.

"Kha! Mpaka lini, dada Kinuyo?" Hatsuji akauliza. "Mpaka panzi waje?"

"Mpaka panzi waje," nikamjibu, nikavitia kwapani nikaenda nyumbani.