Mimi na Damu ya Baba Mdogo

Mnicheke tu, nimeshazoea. Juzi tukiwa tunapakia vitunguu Mang'ola, baba mdogo alibanwa na kifua, nikamkimbiza hospitali Karatu. Wakamtoa damu ya kupima moyo. Nesi akarudi akasema, "Majibu ya kwanza hayana shida. Ila moyo ukiumia, damu huwa inachelewa kuonyesha. Subirini tumpime tena baadaye."

Mimi na darasa langu la saba nikajiona profesa. Malaria ukipimwa huna, si huna? Halafu lori lilikuwa linatusubiri sisi. Nikamwambia, "Ba'mdogo, hawa wanakutafutia ugonjwa. Hiyo ni gesi ya makande."

Akatabasamu huku ameshika kifua. "Kweli, mwanangu?"

"Kabisa. Moyo wako injini mpya."

Tukatoroka. Njiani nikampigia mama mdogo, nikamwambia mumewe hana kitu, nimehakikisha mwenyewe. Kule shambani nikawaambia wapakiaji kwa utani kwamba mzee anakwepa magunia. Wakamzomea mpaka akaona aibu, akainama kubeba. Hakuinuka.

Tulimrudisha Karatu kwa gari, Noah ya kukodi, kichwa kikiwa mapajani kwa mama mdogo. Safari hii damu ikasema yote. Daktari akatoka akatukuta ukoo mzima. "Moyo umeumia vibaya, sijui kama tutamvusha. Nani alimruhusu kuondoka kabla ya kipimo cha pili?"

Nikavua kofia, nikaangalia ndala zangu.

Mama mdogo akajibu taratibu, "Daktari mwenzako. Huyo hapo ameshika kofia."