Majambia Butu ya Nakawa

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ile ya Nakawa, Fundi Mkuu alinipa tupa ya kusugulia chuma na kipande cha springi ya lori. "Piga hii mpaka uone uso yako ndani," akasema. Alikuwa Mkongo aliyekimbia vita kwao, mtu mpole asiyepandisha sauti.

Tulitengeneza mifano ya majambia ya kale ya Ulaya, kwa wateja wa ng'ambo wanaoyatundika ukutani. Lililopendwa zaidi lilikuwa na visahani viwili vya chuma, kimoja kila mwisho wa mpini, vya kukinga mkono. Chuma tulikipasha moto hadi kiwe chekundu, tukakizamisha katika mafuta ili kiwe kigumu. Makali hatukutia; ukingo tuliuacha butu kwa makusudi.

Baba hakutaka kuyasikia hayo. Alikuwa sajini mstaafu wa polisi, tukiishi naye mtaa wa Nsambya. "Mimi nilikamata watu ya kisu miaka yote," aliniambia. "Leo mtoto yangu anatengeneza kisu?" Akaacha kula chakula nilichokinunua kwa mshahara wangu.

Nilivumilia, mwishowe nikamuaga Fundi Mkuu kwamba naacha kazi. Hakubishana nami. Jumapili ile alikuja nyumbani kwetu amevaa suti, na kitu kimefungwa kitambaani.

"Afande," akamwambia baba, "nimeleta kazi ya binti yako. Kama ni mbaya, unikamate mimi."

Baba alifungua kitambaa, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa jambia, taratibu, akakitazama kidole. Kisha akalisogeza jambia dirishani penye mwanga.

"Maua hii ya mpini, nani alichonga?"

"Ni yeye."

Baba alipolifunga tena kitambaani, alinigeukia. "Kesho usichelewe kazi."

Miaka ikapita, nikapanda cheo hadi kuwa msimamizi wa umaliziaji, yaani kung'arisha na kufunga mipini. Fundi Mkuu alipokwenda kuishi na wanawe ng'ambo, aliniachia tanuri na cheo chake. Nilistaafu mikono ilipoanza kutetemeka. Karakana sasa inaendeshwa na wanawake watatu niliowafundisha, mmoja wao amesoma chuo kikuu cha Kyambogo.

Juzi niliwatembelea nikakuta wamebuni jambia lao wenyewe, lisilofuata mfano wowote wa Ulaya, lenye mpini wa pembe ya ng'ombe wa Ankole. Wakanipa nilikague. Nililigeuza mkononi muda mrefu, nao wakingoja.

"Mpini mzito kidogo," nikasema. Mmoja akanisogezea kiti, mwingine akaniletea tupa.