Mkwe wa Nyuma ya Pazia

Mume wangu Kanyinda ni kiné, maana yake kazi yake ni kukanda na kunyoosha viungo vya watu, na hapa Kamina hakuna mgongo wa mtu mkubwa ambao haujapita mikononi mwake. Amemkanda mchungaji wetu. Amemkanda bwana mmoja mnene wa stesheni, aliyelia kama mtoto na mpaka leo anakana. Vijana wa reli wakiteguka wanaletwa kwake juu ya baiskeli. Ila nyumbani kwake mwenyewe alikuwa na mgonjwa, hatua sita kutoka kitanda chake, na huyo hakuruhusiwa kumgusa hata ukucha. Mgonjwa huyo ni mama yangu.

Asiyetoka kwetu ataniuliza kwa nini, na mimi sina subira ya kueleza mara mbili, basi asikilize vizuri. Kwetu mkwe mwanaume na mama wa mke wake hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Heshima hiyo tunaiita bukwe. Mkwe akimwona mama mkwe anakuja njiani, anamwachia njia nzima na kuingia majanini. Watu wa Kasai kama Kanyinda nao wanaishika hivyohivyo, tena kwa meno. Wazazi wake walishuka kwenye treni hapa mwaka wa 93, wamefukuzwa Likasi pamoja na Wakasai wenzao, mkononi godoro moja na sufuria mbili. Vitu vingi waliviacha nyuma, lakini bukwe walikuja nayo.

Mama anaitwa Biuma. Waliosafiri kwa treni miaka ile wanamjua, maana ndiye aliyekaanga mikaté kando ya reli, vile vidonge vya unga ambavyo msafiri anavila vikiwa bado vinamchoma ulimi. Mkono wake wa kuume ulikuwa mwepesi kupita kiasi. Kabla hujamaliza kusema unataka vingapi, alikuwa ameshachota, ameshafunga kwenye karatasi, na ameshakuuliza kwa nini umekonda.

Ugonjwa ulianzia kwenye mkono huohuo, kidole kimoja kikitetemeka peke yake. Alisema ni baridi ya mwezi wa sita. Baridi hiyo sasa ina miaka kumi na moja. Daktari aliuita Parkinson, akampa vidonge, na vidonge vikafanya kazi yao miaka mingi, halafu vikachoka. Miguu ikaanza kugoma katikati ya chumba. Uso ukaganda, akawa hacheki wala hanuni. Sauti ikashuka ikawa mnong'ono. Ulimi peke yake ndio ulikataa kuugua.

Mimi Chancelvie ndiye mtoto pekee aliyebaki naye, kwa hiyo ilibidi aje kukaa kwetu. Hilo nalo lilikuwa kesi. Mama mkwe chini ya paa la mkwe wake? Mjomba Nkongolo, kaka yake mama na mwenye neno la mwisho katika ukoo, alipinga wiki mbili, kisha akakubali kwa masharti: chumba cha nyuma, mlango wa nje wa peke yake, na pazia nene kwenye mlango wa ndani. Pazia nilishona mimi.

Daktari hakutuficha. Alisema kuponya hakuna, kilichobaki ni kumpunguzia: maumivu, kukakamaa, kukosa usingizi. Vidonge viendelee, na chochote cha pembeni kinachomtuliza bila kumdhuru kiongezwe. Kanyinda akasema hayo ya pembeni ndiyo kazi yake. Basi akaanza kumtibu mama kwa mdomo, amesimama nyuma ya pazia ananielekeza, mikono ikiwa yangu.

Tulipasha mchanga moto kwenye sufuria, tukautia katika mfuko wa kitambaa na kumwekea mabegani, na mabega yakalegea. Tulimkanda miguu kwa mafuta ya mawese, mashuka yote ya nyumba yakageuka rangi ya chungwa, na mgeni mmoja akaniuliza nimenunua wapi seti nzuri namna ile. Dada wa kanisani alileta majani ya kunywa. Kanyinda alikataa, akasema kitu cha kuingia mdomoni lazima daktari akijue kwanza. Majani ya kunusa alimkubalia, yakamletea mama chafya wiki nzima na basi. Miguu ikigoma, nililaza fimbo sakafuni mbele ya vidole vyake. Mguu uliosahau kutembea bado unakumbuka kuvuka kitu, ndivyo Kanyinda alivyosema, na kweli ulivuka. Pia niliagizwa kumwimbia kwa kupiga makofi ili ashike mapigo. Alitembea vizuri sana siku hizo. Aliniambia anakaza mwendo ili autoroke wimbo wangu.

Na wao wawili hawakusemeshana hata mara moja. Mama alikuwa anaongea na meza. Weye meza, anasema, ambia ule bwana muchanga ya leo iko moto sana. Na Kanyinda, mtu mwenye diploma ya Lubumbashi, anaijibu meza kwa adabu kwamba kesho muchanga itapoa. Mimi nimesimama katikati na mfuko mkononi, na hakuna anayeniuliza kitu.

Mwaka jana mkono ule wa kuume ukaanza kujifunga. Vidole viliingia ndani ya kiganja siku hadi siku, mpaka ikawa ngumi ambayo haifunguki. Kucha nilizozifikia nilizikata. Zile za katikati sikuzifikia, zikachimba nyama. Pakatokea kidonda, na kidonda kikaanza kunuka. Daktari akasema ngumi ikibaki vile, kidonda kitafika kwenye mfupa, na hapo itabidi apelekwe Lubumbashi kukatwa mkono. Kwa safari ilivyo na kwa mwili ule, sote tulijua hangefika. Niliogopa sana. Nilikuwa naamka nanusa mikono yangu nikidhani ni kile kidonda.

Kanyinda alinifundisha kuufungua. Jikoni alinionyesha juu ya mkono wangu mwenyewe, mara kumi, na mkono wangu ulifunguka vizuri kwa sababu hauumwi. Nilipofika kwa mama nilikuwa nimesahau nusu ya somo. Nilivuta vidole kutoka kwenye ncha, kimoja kimoja, kwa nguvu. Yeye nyuma ya pazia haoni kitu. Akiniuliza kama ninafanya alivyonionyesha, najibu ndiyo, maana mimi si mtu wa kupenda kusahihishwa na mume wangu mbele ya mama yangu. Huo ndio ujinga wangu, nausema mwenyewe kabla watu hawajausema. Tukaenda hivyo miezi mitatu. Asubuhi moja nilivuta, na mama akapiga ukelele ambao sikujua kwamba bado anao.

Kanyinda alikuja mbio kutoka uani. Pazia liliyumba, viatu vyake vikaonekana chini yake, na vikasimama papo hapo. Hapo nikampa Kanyinda vidonge vyake. Nikamwambia anakanda mji mzima, mama yangu anaoza mkono, na yeye amesimama pale anapima kitambaa. Nikamwambia diploma yake ni ya kutibu mapazia. Viatu havikusogea. Mama, machozi yakimtiririka kwenye uso usiotikisika, akanong'ona kwamba sasa ugonjwa wake umempata na ule bwana, miguu imegoma, nimuwekee fimbo.

Nililaza fimbo kweli pale mlangoni, huku nacheka na kulia pamoja. Kiatu kimoja kikainuka, kikabaki hewani. Ndipo mama aliposema. Safari hii hakusema na meza, alisema nami, lakini kwa nguvu zote alizobakiza ili pazia nalo lisikie.

"Bote banaingiaka humu. Bananivulaka manguo, bananilishaka sawa mutoto. Ule moya tu njo anabakia ananikimbia. Akiingia na eye, minyi sitakuwa tena mama mukwe ya muntu. Nitakuwa mugonjwa tu."

Kiatu kikarudi kilikotoka.

Nilikaa chini. Miezi yote ile nilidhani ni ubishi wa wazee. Kumbe ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya kijiko, choo, uso na sauti, na yeye alikuwa ameshikilia kitu kimoja kilichobaki. Mimi ndiye niliyekuwa namlazimisha akiachie.

Kanyinda hakula bukari, ugali wetu, mchana ule, na kwa mume wangu hiyo ni dalili ya kumwita daktari. Alichukua baiskeli, akaenda kwa mjomba Nkongolo. Sasa, bukwe ina njia ya kuimaliza, kila mtu anaijua: mkwe analeta kuku mweupe, maneno yanasemwa, na tangu siku hiyo wawili hao ni kama mama na mwana, wanakula sahani moja. Wazee wengi wanaingoja siku hiyo kwa hamu. Mjomba alifurahi, akaanza kutafuta kofia yake. Lakini Kanyinda akamwambia hataki iishe. Anataka nusu tu. Mjomba akasema katika miaka yake sabini na miwili hajasikia nusu ya bukwe, akauliza kama kuku naye ataletwa nusu. Walibishana mpaka jua likazama, na nasikia mume wangu, mtu mpole yule, alipiga magoti kwenye vumbi.

Jumapili baada ya ibada mjomba akaja, kofia kichwani, kuku mzima kwapani. Akasimama mbele ya pazia, akatoa sauti yake ya harusi.

"Hii kuku iko ya mikono. Mikono ya Kanyinda inaingia, inatumika, inatoka. Kanyinda mwenyewe anabakia mukwe."

Akamuuliza dada yake kama anakubali. Mama aliigeuzia meza macho. Kisha akaiambia meza iambie ile mikono inawe kwanza na sabuni.

Aliingia kinyumenyume, jamani. Mwanaume mzima, kinyumenyume, akijigonga kwenye kitanda. Akaketi kwenye kigoda, uso ameuelekeza ukutani, akapeleka mikono pembeni bila kutazama mpaka ikaipata ngumi. Vidole hakuvigusa kabisa. Alishika kifundo cha mkono, akakikunja kwenda ndani polepole, akangoja. Akakunja tena kidogo, akangoja. Na vidole vikaanza kulegea vyenyewe. Ndiyo ile nusu ya somo niliyoisahau. Niliona wivu na aibu kwa mpigo mmoja. Akasafisha kidonda kwa kupapasa, mimi nikimwambia kilipo, akamwekea kiganjani kitambaa kilichoviringishwa. Alipomaliza, mikono ikatoka, na mwenye mikono akaifuata.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Baada ya wiki tano kidonda kikakauka. Sipigi chuku: mama hajapona na hatapona. Kumeza kunazidi kuwa kugumu, na kuna siku hata fimbo tatu haziiamshi miguu yake. Lakini analala, na baada ya kukandwa mkono unabaki umefunguka saa moja, mara nyingine mbili.

Jumamosi iliyopita nilimtoa mama nje uani, nikamkalisha kwenye kiti aote jua. Kanyinda alikuwa ametoka kumkanda asubuhi ileile, akaenda sokoni, na kwa kichwa chake kilivyo hakufikiri kwamba nitamtoa nje. Akapinda kona ya nyumba na baiskeli yake na samaki wakavu wa Bukama wakining'inia kwenye usukani. Wakawa uso kwa uso, hatua nne. Mtu huyu aliyekuwa ameushika mkono wa mama saa nzima alitupa baiskeli chini, akanyakua samaki, akatumbukia katika shamba la muhogo la jirani kama mwizi. Nilicheka hadi nikashika mbavu.

Kisha nikamtazama mama. Mkono wake wa kuume ulikuwa unaondoka mapajani. Ulitetemeka, ukapanda, ukakwama kifuani, ukapanda tena. Vidole vikafunguka, vikashika upindo wa kikwembe alichojitanda mabegani, na vikauvuta mpaka ukamfunika uso wote, jinsi mama mkwe anavyojifunika anapokutana na mkwe wake.

Akakaa hivyo, wima, ndani ya kitambaa, anangoja mkwe wake amalize kumheshimu. Halafu akaniuliza kwa mnong'ono kama ule bwana amekimbia vizuri. Nilimwambia amekimbia vizuri sana, mama, na nililia pale uani mchana kweupe, wala sikujificha.