Presha ya Rafiki Yangu

Mwaka niliponyang'anywa gari nilikuwa na mafua. Ulikuwa mwezi wa sita, wageni wamejaa, na mtu anayeshuka bonde la Kreta kila asubuhi kwa wiki tatu mfululizo, akisimama pale ukingoni kwenye ukungu ili wageni wapige picha, hakwepi mafua.

Kampuni yetu ya utalii ilikuwa na yadi Karatu mjini. Mwenye kampuni alikuwa ameanzisha mpango wa afya baada ya dereva wa kampuni nyingine kupoteza fahamu kwenye usukani akiwa na wageni. Kila miezi mitatu nesi alikuja yadini na mashine yake, akatupima presha, na aliyekutwa iko juu hakugusa usukani mpaka hospitali imruhusu. Sheria hiyo niliikubali. Nilikuwa mwembamba, na ukoo wetu haujui presha. Baba yangu alilima ngano mpaka uzeeni bila kumeza kidonge.

Rafiki yangu alikuwa dereva pale pale, mtu wa Endabash. Tulianza pamoja tukiosha magari, tukasomea uongozaji wageni pamoja, na siku aliyofunga ndoa mimi ndiye niliyesimama naye mbele ya padri. Mwaka ule kampuni ilileta Landkruza mpya na mwenye kampuni akanikabidhi mimi. Rafiki yangu alinipongeza kuliko wote.

Siku moja kabla ya kupimwa alinikuta nikipiga chafya, akaniletea pakiti ya vidonge vya mafua na makopo mawili ya kinywaji cha enaji. Akaniambia nimeze viwili usiku, viwili asubuhi, na enaji itanitoa uchovu. Yeye alikuwa anaondoka na wageni kwenda Engaresero. Nilimshukuru, nikafanya kama alivyosema.

Asubuhi nesi alinifunga mkanda mkononi, akaisoma mashine, akanitazama. Mia na sabini na sita kwa mia na nane. Akaniketisha robo saa, akapima tena, ikawa imepanda. Mwenye kampuni alisema pole, akanitaka nimpe ufunguo. Aliporudi rafiki yangu kutoka Engaresero, ile Landkruza akapewa yeye, pamoja na wageni ambao kwa miaka miwili walikuwa wakiandika barua kuniomba mimi.

Hospitalini presha ilishuka ndani ya siku chache. Nesi wa pale aliniuliza nilikuwa nimemeza nini, nikamwonyesha pakiti. Akasema vidonge vile hupandisha presha, na mimi nilivitia petroli kwa enaji. Nilihesabu ni bahati mbaya. Wiki kadhaa nilirudi kupimwa, ikawa sawa kila mara, nikapewa barua. Mwenye kampuni aliisoma vizuri, akaikunja, akasema msimu ameshaupanga. Dada aliyekuwa akiandika ratiba za safari alikuwa anakwenda kujifungua, basi nikalie kiti chake kwanza. Kwa hiyo kila asubuhi nikawa nimesimama na makaratasi mlangoni mwa ofisi, natazama gari langu linavyotoka getini.

Mwezi wa kumi nilikwenda kununua dawa ya mtoto katika duka moja la dawa karibu na soko. Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu anayewajua madereva wote wa mji kwa magonjwa yao. Nilimtania kwamba vidonge vyake vya mafua vimenitoa barabarani. Hakucheka. Aliuliza nani alininunulia, nikamtajia.

"Mimi nilimkatalia," alisema. "Nilidhani ni vyake. Nikamwambia wewe una presha, hivi vitakuua. Akaniuliza vinapandisha kiasi gani. Halafu akasema basi, si vyangu, ni vya mwenzangu. Nikampa."

Nilitoka dukani bila dawa ya mtoto, ikabidi nirudi.

Sitasema uongo hapa kwamba nilisali au nilitafuta mtu wa kunishauri. Padri wetu hakusikia habari hiyo, wala mke wangu. Nilibaki na jambo hilo peke yangu, na lilinipa nguvu. Nilikuwa na vitu viwili ambavyo rafiki yangu hakujua ninavyo: nilijua alichonifanyia, na nilijua ana presha. Nilifungua mafaili ya mpango wa afya nikatafuta jina lake. Kila siku ya kupimwa alikuwa safarini. Mara Engaresero, mara Serengeti, mara amepeleka gari gereji Arusha. Dada wa ratiba alikuwa akimpangia kwa kuombwa tu, bila kujua sababu. Sasa ratiba ilikuwa mikononi mwangu.

Ilipokaribia zamu ya mwezi wa kumi na mbili alikuja ofisini, akakaa pembeni ya meza, akauliza nesi anakuja lini. Nilimwambia wiki ijayo, Alhamisi. Akaomba nimtafutie safari ndefu siku hizo. Nikasema usijali, ndugu yangu, nimekuwekea Natron siku nne. Alinigusa bega. Nesi alikuwa anakuja kesho yake.

Asubuhi ile rafiki yangu alifika yadini akidhani anachukua wageni wa kushuka Kreta. Nilikuwa nimeweka meza ya nesi ndani ya gereji, mkabala na geti, asiweze kugeuka bila kuonekana. Mwenye kampuni alikuwepo. Nilimwomba aje nikimwambia madereva wanautegea mpango wake. Wenzetu walikuwa wamepanga foleni. Nikamwambia nesi aanze na huyu, ana wageni wanamsubiri.

Alinitazama mara moja, nami sikuangalia pembeni. Akasema hajala, apimwe kesho. Mwenye kampuni akamwambia akae.

Nilisimama mahali ninapoiona mashine. Mkanda ulijaa upepo, ukapungua, ukajaa tena wenyewe. Nesi hakuitaja namba kwa sauti. Mimi niliiona: mia mbili na ishirini na moja. Nilikuwa nimeisubiri kwa miezi miwili na ikanipa raha niliyoitazamia, yote, kama mtu aliyekunywa maji baada ya kulima. Nesi alipima mkono wa pili, akaniagiza mimi nilete gari, huyu mtu aende hospitali sasa hivi. Nililileta lile lile, Landkruza yangu. Niliendesha mwenyewe. Njiani alikuwa ameshika kichwa, nami nilisikia jinsi usukani ulivyo mwepesi.

Walimlaza siku sita. Daktari alimwambia mwenye kampuni kwamba mtu yule alikuwa anatembea na kifo, na kwamba angeangukia kwenye kona za kushuka bondeni pamoja na wageni. Mwenye kampuni aliusifia mpango wake mbele yetu sote, kisha akanisifia mimi. Wiki iliyofuata nikarudishiwa gari.

Jumapili moja mke wa rafiki yangu alikuja nyumbani kwangu na gunia la vitunguu vya Mang'ola na jogoo. Alikaa sebuleni na mke wangu, akalia kidogo, akasema mumewe alikuwa akificha dawa bila kuzinywa, na kwamba bila mimi angekuwa mjane.

"Shemeji, Mungu akulipe," aliniambia.

Nilisema amina. Jogoo tulimla, na kwa kweli nyama yake haikunishuka vizuri, si kwa majuto. Iliniuma kwamba nimemfanyia hisani mtu niliyetaka kumwangusha.

Rafiki yangu alipopona hakurudishwa kwa wageni. Alipewa stoo ya vipuri, na sasa anakunywa dawa kila siku. Amepungua mwili, anaonekana kijana. Siku moja nilikwenda kuchukua mkanda wa feni, stoo ikiwa haina mtu mwingine. Alinipa mkanda, hakuuachia.

"Siku ile hukutaka nipone," alisema.

"Sikutaka."

"Mzee wa duka alikwambia."

"Aliniambia."

Akasema alilitaka gari lile mpaka akawa hapati usingizi, na kwamba hakudhani jambo lingefika mbali vile. Aliniomba msamaha kwa Kiiraqw, lugha tuliyokuwa tukitaniana nayo tulipokuwa tunaosha magari. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba nimesikia.

Huu ni mwaka wa pili sasa. Tunasalimiana, naulizia presha yake, ananitajia namba. Mke wake bado ananiita mwokozi wao mbele ya watu kanisani, na rafiki yangu husimama pembeni akiangalia chini, na mimi humwacha shemeji aseme mpaka amalize.