Asubuhi Jogoo Hakuwika

Jogoo wa kwa mwanangu analala ndani na watoto, maana huku kwetu kicheche hana huruma. Nyumba zetu zinatazamana, basi huyo ndiye saa yangu. Asubuhi ile majogoo wa wenzetu wanawika, wetu kimya!

Mwanangu na mkewe walikuwa wamelala msibani Mitundu. Wajukuu zangu watatu wameachwa peke yao, na mimi sikuambiwa nilale nao, eti yule wa darasa la tano ameshakua. Na baridi ile ya upepo!

Nikaenda kugonga. "Wajukuu, fungueni!" Kimya. Dirisha wamelisokomeza viroba, harufu ya mkaa inapenya. Nikavichomoa, nikapiga yowe mpaka majirani wakaja kuvunja mlango.

Jamani, waliingiza jiko la mkaa chumbani wajipashe moto! Jogoo amekufa karibu na kitanda, watoto wamelegea. Tukawatoa nje kwenye upepo. Mkubwa akatapika. Wadogo wakaanza kulia, na mimi nikacheka kwa furaha ya kile kilio! Mkubwa akafungua jicho.

"Shikamoo bibi. Kichwa kinaniuma."

"Marahaba, mume wangu! Uliliziba dirisha ukitaka kunifanya mjane?"

Tukawakimbiza zahanati, wakapona wote.

Mwanangu aliporudi akauliza, "Mama, nani kavunja mlango?"

Nikamwonyesha jogoo. "Muulize huyu. Si ndiye uliyemwachia watoto?"

Siku hizi wakisafiri, wajukuu wanalala kwangu, wananinyang'anya shuka usiku kucha.